Mlango wa paka na mbwa: jinsi ya kuuchagua bila kumfungulia mwizi

Kila mlango wa mnyama ni tundu kwenye nyumba ambayo tayari umeigharimia grili, vitasa na ukuta. Kabla ya kuulizia bei dukani, jiulize tundu hilo utalitoboa wapi, na mtu akipitisha mkono hapo atashika nini. Kifaa cha bei kali kilichofungwa chini ya kitasa ni zawadi kwa kibaka. Kipande cha plaiwudi kilichokaa mahali pake kinaweza kudumu miaka na asitokee mtu wa kukigusa.

Kwa nyumba nyingi za kwetu nina jibu moja la paka na jingine la mbwa, na nitayasema mapema. Paka apite dirishani, penye grili. Mbwa mkubwa asitobolewe mlango kabisa. Yanayofuata ni sababu zake, na la kufanya iwapo nyumba yako haikubali.

Hatua ya 1: Amua kama unauhitaji

Mbwa wa ulinzi kazi yake iko nje. Akilala sebuleni hatamsikia anayeruka ukuta wa nyuma, na akisikia atakuwa amechelewa. Huyo mjengee banda lenye sakafu iliyoinuliwa, lisilovuja wakati wa masika, mlango wake ukitazama geti. Nyumba nyingi za Waislamu mbwa haingii ndani hata hivyo, kwa hiyo hapo hakuna cha kujadili. Mlango wa mbwa una maana kwa mbwa mdogo anayelala ndani, kwa mbwa mzee anayetoka kukojoa kila mara, au kwa familia inayoondoka alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya foleni.

Paka ana mambo yake. Atatoka tu, upende usipende. Akikosa njia atalia mlangoni saa tisa usiku mpaka mtu aamke, na baada ya wiki mbili za hivyo watu wa nyumbani huanza kuuegesha mlango wa jikoni “kwa ajili ya paka”. Hakuna mlango wa hatari kuliko huo. Ukishafika hapo, jua kwamba tundu lililopangwa vizuri ni salama kuliko mlango ulioegeshwa.

Angalia pia nje kuna nini. Kama unaishi ghorofani, unachohitaji ni wavu imara kwenye baraza, wala usihangaike na mlango. Kama geti linafungukia barabara ya bodaboda, mbwa asipewe uhuru wa kutoka akiwa peke yake. Na kabla ya fundi kuitwa, aitwe daktari wa mifugo: chanjo ya kichaa cha mbwa kwa wote wawili, paka na mbwa, kisha kuhasiwa. Paka jike asiyehasiwa akipata mlango wake, mapaka shume ya mtaa mzima yatataka kuutumia.

Hatua ya 2: Pima mnyama, usipime kwa macho

Milango ya kuagiza huandikwa S, M na L, na mbwa wa kienyeji hana habari na herufi hizo. Chukua futi ya fundi cherehani upime vitu vitatu mnyama akiwa amesimama: upana wake pale alipo mpana zaidi (kifuani au kwenye nyonga), kimo kutoka sakafuni hadi juu ya mabega, na umbali kutoka sakafuni hadi chini ya kifua. Kwenye upana ongeza sentimita 5. Ukingo wa juu wa tundu uzidi mabega kwa sentimita 3 hivi. Kizingiti, yaani ukingo wa chini, kisipite kimo cha kifua chake.

Hapo kwenye kizingiti ndipo wengi hukosea. Hupima kimo chote cha mbwa wakanunua mlango wa urefu huo, kumbe sehemu ya chini ni miguu tu, na miguu hunyanyuliwa. Chukua mbwa mwenye mabega ya sentimita 45 na kifua kilicho sentimita 22 kutoka chini. Kizingiti kikiwekwa sentimita 20 na ukingo wa juu sentimita 48, tundu lenyewe lina urefu wa sentimita 28 tu. Tofauti ya 28 na 48 ndiyo tofauti ya mbwa kupita peke yake na mbwa kupita na kijana mwembamba nyuma yake. Mbwa mzee au mwenye maumivu ya nyonga hawezi kuruka kizingiti kirefu, kwa hiyo yeye mshushie au mwekee ngazi ya tofali moja nje na moja ndani.

Paka mzima wa kilo 3 hadi 5 anatosheka na tundu la sentimita 15 kwa 15. Dume lililonenepa liongezee kidogo. Mtoto wa mbwa mpimie kwa ukubwa wa mama yake, au subiri amalize kukua.

Kabla ya kukata kitu chochote cha thamani, kata boksi la televisheni. Toboa tundu la vipimo ulivyopata, lisimamishe mlangoni, mwite mnyama kwa kipande cha nyama. Akijikunja au akisita, ongeza. Akipita huku pembeni kunabaki nafasi kubwa, punguza. Tundu dogo kuliko yote analopita kwa raha ndilo lako.

Hatua ya 3: Tafuta mahali

Fanya jaribio la mkono. Mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi ncha za vidole ni kama sentimita 70. Akiwa na fimbo yenye ndoano anafika mbali zaidi, na wanaoishi Dar es Salaam wanajua vizuri kazi ya fimbo hiyo: suruali iliyotundikwa karibu na dirisha hutoka na simu ikiwa mfukoni. Piga magoti mahali unapotaka kuweka tundu, nyoosha mkono kila upande, kisha fanya hivyo tena ukiwa umeshika ufagio. Kitasa, komeo, funguo kwenye msumari, mtungi wa gesi, simu inayochajiwa: chochote unachokigusa, mwizi naye atakigusa. Kati ya tundu na komeo iwepo angalau mita moja, na komeo lifungwe kwa ufunguo ambao hauachwi kwenye tundu lake.

Kwa jaribio hilo, mlango wa mbele huanguka mara moja. Mlango wa kawaida una upana wa sentimita 80 au 90, na kitasa kiko sentimita 100 hivi kutoka sakafuni. Ukitoboa chini katikati, mkono wenye fimbo unapanda hadi kwenye kitasa bila jasho.

Sasa dirisha. Nyumba nyingi zina grili madirishani, na nafasi kati ya nondo na nondo mara nyingi ni sentimita 10 au zaidi. Paka wa kawaida hupenya sentimita 10 kama hakuna kitu, mwanadamu hapenyi. Yaani kizuizi umeshakilipia. Kilichobaki ni kumpa paka njia ya kupita kwenye kioo na wavu wa mbu. Kama ni dirisha la luva, toa vioo viwili au vitatu vya chini, ziba nafasi hiyo kwa kipande cha plaiwudi ngumu ya milimita 18, halafu mlango wa paka ufungwe kwenye plaiwudi. Kama ni la aluminiamu la kusukuma, fundi wa aluminiamu atakutengenezea kipande chembamba cha kusimama pembeni, kidirisha kisukumwe mpaka kikibane, kisha kizuiwe kwa fimbo iliyolala kwenye reli. Wavu wa mbu ukatwe hapo tu na kingo zake zibanwe kwa fremu.

Chagua dirisha la jikoni au la stoo, usichague la chumba cha kulala. Grili inazuia mwili, lakini fimbo inapita. Stoo yenye magunia ya mkaa na ndoo haina cha kuvuliwa, na mlango wa stoo kuelekea ndani unaweza kufungwa usiku huku paka akiendelea na safari zake.

Nyumba ikikataa dirisha, fikiria ukuta. Ukuta wa tofali za inchi 6 una unene wa sentimita 15 kabla ya plasta, na hiyo ni njia fupi inayomkera mtu mwenye mkono mrefu. Ukitaka kumkera zaidi, upande wa ndani weka sanduku la mbao lenye kona: mnyama anaingia, anakutana na ubao mbele, anageuka kulia, ndipo anatoka. Paka na mbwa wadogo hujifunza kona hiyo haraka. Mkono wa mtu haupindi kirahisi kwenye kona hiyo, na fimbo ndiyo kabisa. Kwa mbwa mdogo ambaye hawezi kutumia dirisha, sijaona mpango bora kuliko huu, na unagharimu mbao na skrubu tu. Sanduku liwe la upana wa mnyama na robo, lisipungue, la sivyo atakwama kwenye kona na hatarudi tena.

Jambo moja kwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu: mlango wa nakshi hautobolewi. Miji hiyo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na jengo la kale haliguswi bila kibali. Nyumba hizo zina ua wa ndani na madirisha ya nyuma, tafuteni huko.

Hatua ya 4: Chagua aina

Tundu tupu ndiyo aina ya kale. Kanisa kuu la Exeter, Uingereza, lina mlango wenye tundu la paka ambalo hesabu za mwaka 1598 zinaonyesha seremala alilipwa peni 8 kulitoboa. Panya wa kanisani ndio waliokuwa tatizo wakati huo. Wewe una mbu, mijusi, nyoka na paka wa jirani, kwa hiyo unahitaji kibao cha kusukuma.

Kibao cha kawaida cha plastiki chenye kufuli la njia nne (kuingia na kutoka, kuingia tu, kutoka tu, kufungwa kabisa) kinatosha kwa nyumba yenye ukuta na geti. Kasoro yake ni kwamba hakibagui. Chochote chenye ukubwa wa paka kitaingia: paka shume, kanu, nguchiro, hata tumbili mjanja kama uko karibu na miti yao.

Cha sumaku hufunguka kwa sumaku iliyo kwenye mkanda wa shingo. Mimi sikipendi. Sumaku hukusanya misumari na vifuniko vya soda njiani, paka hurudi kama fundi chuma. Na paka wa jirani mwenye sumaku kama hiyo ataingia kwako. Isitoshe mkanda mzuri wa paka ni ule unaofunguka akinaswa mtini, maana yake siku moja utapotea pamoja na ufunguo.

Cha kusoma chipu ndicho bora kwa kubagua. Daktari wa mifugo huingiza chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi kati ya mabega, na mlango hufunguka kwa namba hiyo tu. Hakikisha chipu ni ya tarakimu 15 inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, yaani ya masafa ya kilohezi 134.2, kwa sababu chipu za zamani za kilohezi 125 hazisomwi na kila mlango. Muulize muuzaji pia kama mlango unasoma upande mmoja au pande zote mbili. Ile ya kawaida husoma anayeingia tu, anayetoka hutoka bila kuulizwa. Ukiwa na paka wawili na mmoja hutaki atoke, utahitaji ya pande mbili.

Kuna tatizo ambalo vijitabu vya kuelekeza hulitaja kwa maandishi madogo: chuma. Antena ya kusoma chipu husumbuliwa na chuma kilicho karibu, na milango yetu ya nyuma ni ya chuma tupu. Mlango huohuo uliokuwa ukisoma vizuri dukani utamwacha paka akigonga kichwa nje. Ukilazimika kuuweka kwenye chuma, kata tundu kubwa zaidi, ziba kwa plaiwudi au plastiki nene, kisha kifaa kikae katikati ya plaiwudi mbali na chuma. Dirishani, kwenye ubao, tatizo hilo hupungua sana, ila usikigandishe kifaa kwenye nondo za grili.

Milango hii ya chipu hutumia betri za kawaida, mara nyingi nne za AA, kwa hiyo umeme ukikatika haijali. Ile ya mbwa inayopanda na kushuka kwa mota na kuchomekwa ukutani ni habari nyingine. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: umeme ukikatika, mlango unabaki wazi, unafunga, au unaganda katikati? Muuzaji asipojua, usinunue.

Aina ya mwisho haiko kwenye katalogi yoyote. Ni kijilango cha chuma anachochomelea fundi kwenye grili ya uani: fremu ya bomba mraba, shiti la chuma, bawaba mbili na komeo la kufuli. Asubuhi unakifungua, magharibi unakifunga. Kwa mbwa wa ukubwa wa kati anayeshinda uani na kulala barazani, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Hatua ya 5: Kufunga

Mlango wa plaiwudi wenye uwazi katikati usitobolewe bila kuongezewa fremu ya mbao ndani ya tundu, kwa sababu teke moja hapo hupasua ubao wote. Mlango wa mbao ngumu kama mninga au mvule unavumilia, lakini kata kwenye paneli na uache miimo yake. Kwa boliti, kichwa kinachobaki nje kiwe cha mviringo kisicho na mahali pa kushika spana wala bisibisi, na nati ikae ndani. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa sababu ni rahisi kwao, basi simama hapo uangalie.

Pwani, chuma cha kawaida huliwa na hewa ya chumvi haraka mno. Bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kijilango kipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo. Upepo nao upangie. Kusi hupiga kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Kibao chepesi kinachotazama huko kitagonga usiku kucha. Geuza upande, au chukua chenye ukanda wa sumaku wa kukishika chini.

Kazi ikiisha, ngoja giza. Washa taa ndani, toka nje, chuchumaa utazame kibao. Palipo na mstari wa mwanga ndipo mbu watakapopita, na mstari mpana wa kidole ni njia ya nyoka mdogo. Ziba kwa brashi ya kingo za milango au silikoni kwenye fremu, ila kibao kiendelee kucheza. Bakuli la chakula lisikae karibu na tundu: chakula huita panya, na panya humwita nyoka.

Hatua ya 6: Kifuniko cha usiku

Hata mlango wa chipu ni plastiki. Upande wa ndani weka reli mbili za chuma pembe na shiti la milimita 2 linaloteremka katikati yake, lenye tundu la kufuli. Kazi yake ni usiku (kama tundu haliko kwenye stoo inayofungwa), siku mkisafiri, na siku kuna mtoto anayetambaa. Hilo la mtoto lichukulie kwa uzito kuliko la mwizi. Tundu la mbwa mtoto anapita mzima mzima, na nje kuna ndoo na diaba za maji. Tundu la paka linaweza kunasa kichwa chake.

Paka aingizwe kabla ya kufunga. Mpe chakula cha jioni saa ileile kila siku, karibu na magharibi, naye atakuja mwenyewe.

Hatua ya 7: Kumzoesha

Siku za kwanza kibao kifungwe juu kwa kamba ili tundu liwe wazi wakati mko nyumbani. Weka kitoweo upande wa pili. Akishapita bila kufikiri, kishushe nusu, halafu chote. Usimsukume kwa mikono hata siku moja. Paka aliyesukumwa mara moja ataichukia sehemu hiyo mwezi mzima. Mlango wa chipu unapofunga hutoa mlio mdogo unaowashtua wengine, basi mwache ausikie akiwa anakula karibu kabla hujamtaka apite.

Baada ya hapo, kila mwezi futa vumbi na utando wa buibui kwenye kisomeo, kaza nati, angalia kutu, na badilisha betri kabla hazijaisha kabisa. Kama umepanga, mwarifu mwenye nyumba kabla ya kutoa kioo chochote, na vile vioo vya luva ulivyovitoa vifunge kwenye gazeti uviweke juu ya kabati. Siku ya kuhama atavihesabu.